Jumamosi za Mama Kiti

Kila chama kina mtu wake wa lazima, na wa Klabu ya Wachoraji, kule ghorofani juu ya duka la matairi, alikuwa mama mmoja wa kwenye stuli. Jina lake la kuzaliwa wanachama hawakulijua, na kwa kuwa wao ni watu wa sanaa, watu wenye jicho la kuona ndani ya vitu, hawakuona haja ya kuuliza. Walimwita Mama Kiti. Kazi yake ilikuwa kukaa.

Usicheke. Hebu jaribu wewe kukaa mchana mzima bila kujikuna pua, halafu uje unieleze. Mama Kiti alikuwa fundi cherehani tangu usichana wake. Aliwashonea nusu ya mji sare za shule na magauni ya harusi, mpaka macho yakagoma kutunga uzi na magoti yakagoma kukanyaga pedali. Akafunga kazi, akahamia kwa binti yake, na huko akagundua jambo ambalo wazee wote wanalijua ila hawalisemi: nyumba inaweza kujaa watu na asiwepo hata mmoja anayekutazama. Binti mbio dukani, mkwe mbio kazini, wajukuu macho kwenye simu. Basi Mke wa Diwani, mteja wake wa zamani aliyezoea kumwita fundi tu, alipomwambia klabu yao inatafuta mtu wa kukaa achorwe, alikubali kabla hata ya kumaliza kuelezwa. Watu wazima, wenye akili zao, wamkodolee macho mpaka jua lizame! Alikuwa hajatazamwa hivyo tangu siku ya ndoa yake, na hata siku ile wengi walikuwa wanatazama sahani.

Klabu ilikuwa na sheria, na sheria zilikuwa nyingi kuliko picha. Ya kwanza ni kwamba viti vilipangwa kwa ukongwe. Mwenyekiti, mpima ardhi mstaafu, alikaa mbele kabisa, pua kwa pua na Mama Kiti. Kuliani kwake alikaa Mke wa Diwani, kushotoni Mwanasheria. Mwanachama mpya alikaa panapobaki, na palipobaki ni nyuma ya stuli. Huyo mpya alikuwa Mfamasia, baba mmoja mpole mwenye duka la dawa na upara unaoanza. Upya wake ulikuwa umetimiza miaka minne, kwa sababu hakuna mwingine aliyejiunga baada yake na, kwa bahati mbaya yake, hakuna mkongwe aliyekufa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema wahenga. Lakini wahenga hawakuwahi kuomba uanachama pale.

"Mwenyekiti," aliuliza siku moja kwa unyenyekevu, "mbona mimi sijawahi kuuchora uso wa mama huyu?"

"Subira, ndugu yangu. Sanaa ni ngazi."

"Mimi niko kidato cha chini mwaka wa nne sasa."

"Basi utakuwa umeshakizoea," alisema Mwenyekiti, akachonga penseli yake.

Sheria ya pili ilikuwa kwamba anayechorwa haoni picha mpaka siku ya maonyesho. Mwenyekiti alishikilia kwamba jicho la anayechorwa huharibu mkono wa mchoraji. Nani alimfundisha hayo, hajapata kusema. Siku moja Mama Kiti aliinuka kunyoosha goti, akapita karibu na turubai la Mwenyekiti, na mzee wa watu akalirushia kitambaa mithili ya mtu aliyefunguliwa mlango bafuni. Na hayo maonyesho? Yalikuwa yaja. Kamati ilikuwa bado inabishania jina la kuyapa. Walibishana msimu hadi msimu, wakanuniana, wakapatana, wakaanza upya, na kwa hiyo Mama Kiti alichorwa miaka saba pasipo kujiona hata ukope.

Wala hakujali sana. Alipanda ngazi zile kila Jumamosi amejipaka poda, akakaa, akatulia tuli, akawa anawasikia wakishusha pumzi. "Ah, mwanga huo shavuni!" Mke wa Diwani angenong'ona. "Usisogee, usisogee!" Naye hakusogea. Shingo ilimuuma, kiuno kilimuuma, lakini moyoni alikuwa malkia.

Aliyejali ni binti yake. Binti alikuwa na duka la fotokopi na picha za vitambulisho, na Jumamosi ndiyo siku wateja wanapofurika. Alitaka mama yake akae pale kaunta, apokee watu, ajione ana kazi. Tena majirani walikuwa wameanza domo.

"Mama, watu wananiuliza. Eti mama yako huenda wapi kila Jumamosi na poda? Niwaambie nini? Anakwenda kukaa?"

"Waambie anakwenda kuchorwa."

"Kuchorwa! Iko wapi hiyo picha? Miaka yote hiyo, hata kipande cha karatasi hujarudi nacho! Mimi hapa mtu akija kupiga ya kitambulisho, anaondoka nayo mkononi hata kama hajaipenda."

Hapo Mama Kiti alikuwa ameshikwa pabaya. Ndiyo sababu, kamati ilipomaliza vita vyake na kutangaza maonyesho yatakayoitwa "Uso wa Mama", alirudi nyumbani karibu anaruka, magoti na yote.

"Uso wa mama! Umesikia? Mama gani mwingine wanaye pale? Njoo ujionee."

Binti alimtazama, akashusha pumzi. "Sawa, nitakuja. Lakini tuelewane, mama. Nikiona hata picha moja ambayo nitasema huyu ni mama yangu, Jumamosi ni zako mpaka uchoke mwenyewe. Nisipoiona, basi. Jumamosi ifuatayo uko kaunta na mimi, na habari za wachoraji ziishe."

"Hata moja tu?" Mama Kiti alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, utaziona mpaka uombe maji!"

Siku ikafika. Chumba kilifagiliwa, sinki lililokuwa na rangi za kila aina likafunikwa kitambaa, biskuti zikapangwa kwa mduara, kwa sababu wasanii hawawezi kupanga biskuti kwa mstari kama watu wengine. Harufu ya matairi haikufunikika, ikaachwa. Mama Kiti aliingia amevaa gauni la mwisho alilojishonea kabla macho hayajamsaliti, binti yake mkononi.

Walianzia kwa Mwenyekiti, kwa heshima. Loo! Mzee alikuwa amechora kwa rula. Paji la uso limenyooka, mashavu yamekatwa pembe, pua imesimama katikati kama jiwe la mpaka.

"Mama," binti alinong'ona, "hapa umegawiwa viwanja."

"Nimezingatia vipimo," alisema Mwenyekiti kwa nyuma yao, akijishika kidevu. Kidevu hicho hicho, kirefu, cha kuchongoka, ndicho kilichokuwa kwenye picha.

Wakasogea kwa Mke wa Diwani. Ukuta mzima wa bibie ulikuwa na msichana mmoja, ngozi nyororo, shingo ndefu, hereni za dhahabu, anatazama pembeni kwa maringo. Nyani haoni kundule, lakini Mke wa Diwani uso wake aliuona kila mahali, tena uso wa enzi zile diwani hajawa diwani.

"Unajiona?" alimuuliza Mama Kiti, macho yanameremeta.

"Nakuona wewe," alijibu Mama Kiti, na bibie akachukulia hiyo ni sifa, akamkumbatia.

Mwanasheria je? Mwanasheria alitundika turubai jeupe, kubwa, lenye doa moja jeusi chini pembeni.

"Mama yangu yuko wapi hapa?" binti aliuliza.

"Si mama kwa maana ya mama," alieleza Mwanasheria, na hapo ungedhani yuko mbele ya hakimu. "Ni dhana ya mama. Doa ni ukimya wake."

"Na kwa hilo doa alihitaji kupanda ngazi zote hizi?"

"Nilihitaji uwepo wake."

"Doa si ungelichora yeye akiwa nyumbani amelala?"

Kwa kawaida Mama Kiti angemkanya kwa ulimi huo. Lakini hakuwa anasikia. Aliumia, jamani, tusifichane. Miaka saba aliwapa uso wake, wote, pamoja na makunyanzi aliyoyapata kwa jasho lake, nao wakachukua kidevu cha Mwenyekiti, hereni za Mke wa Diwani na doa. Wakati wakishusha pumzi kwa ajili ya mwanga wa shavuni, walikuwa wakiangalia nini? Alijiona mjinga, na poda yake ikaanza kumwasha usoni.

Binti alikuwa na maneno mengine mdomoni, makali kuliko yale. Akamtazama mama yake, akayameza. "Twende nyumbani, mama," alisema polepole. Na hilo likauma kuliko kejeli zote. Kuhurumiwa na mwanao mbele za watu si kidonge cha kumeza bila maji.

Wakaelekea mlangoni. Pale nyuma ya mlango, kando ya swichi ya taa, alikuwa amesimama Mfamasia, mikono nyuma, kajibanza ukutani utadhani anaficha ufa.

"Samahani, mama," alisema. "Hii wala si picha. Walisema nitundike chochote, nafasi isibaki wazi."

Akasogea. Ilikuwa karatasi ya kaki iliyochorwa kwa mkaa, na chini yake kamati ilikuwa imebandika neno "Zoezi". Mgongo wa mwanamke, basi. Bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Shingo imeinama kidogo upande, kilemba kimelegea fundo, na chini ya kitambaa cha gauni mifupa ya mgongo imejitokeza kidogo. Mama Kiti alitupa jicho mara moja. Mgongo ni mgongo. Wake mwenyewe alikuwa hajawahi kuuona. "Ahsante, baba, umejitahidi," alisema kwa adabu, akashika kitasa.

Binti hakutoka.

"Mwanangu, twende basi."

Binti alisogelea karatasi ile.

"Huyu ni wewe," binti alisema.

"Hana hata uso huyo. Acha kunionea huruma, nimekubali, Jumamosi nitakuja dukani."

"Nani anakuonea huruma? Huyu ni wewe, mama!" Sauti ilipanda mpaka walio kwenye biskuti wakageuka. "Bega hilo! Shingo hiyo inavyolala! Mimi nimekua nikiutazama mgongo huu. Nikitoka shule naukuta. Nikila, uko mbele yangu. Ruhusa niliomba kwa mgongo, habari zangu niliusimulia mgongo, nawe unaitika 'ehee' huku cherehani inakwenda. Ukicheka nilijua kwa mabega. Ukilia pia nilijua, ulifikiri sijui." Akaionyesha karatasi kwa kidole. "Mtu angeniambia nimchore mama yangu, ningechora hivi hivi. Uso wako, kusema kweli, nisingeuweza."

Mfamasia alitazama viatu vyake.

Kwa hiyo Mama Kiti alikuwa ameshinda. "Jumamosi ni zako," binti alisema, akijifuta macho kwa kiganja. "Nilisema hata moja. Hiyo hapo."

Ushindi ulikuwa pale, na mshindi hakujua pa kuushika. Alikuwa na majibu, mengi, aliyoyaweka tayari miaka na miaka: kwamba cherehani ile ndiyo ilikuwa ada yako, ndiyo viatu vyako, ndiyo sahani uliyokuwa ukila mbele ya mgongo huo. Yote kweli tupu. Lakini mtoto hakuwa anamlaumu, na hilo ndilo lililomkata maini. Alikuwa anasema tu alichokiona. Miaka saba Mama Kiti amepanda ngazi kutafuta wa kumtazama, kumbe huyu alikuwa anamtazama tangu anatambaa, na yeye hakugeuka.

Akaachia kitasa. Akageuka mzima mzima, akaupa mgongo ukuta, Mwenyekiti, biskuti na klabu yake yote.

"Haya," alisema, na sauti ikamponyoka. "Nitazame."

Binti akaweka mkoba chini. Akamshika mama yake mabega, akaanza kumtazama kuanzia juu, taratibu, kwenye paji la uso, kwenye macho yaliyokwishaanza kulengalenga.

"Mama Kiti!" Mwenyekiti alipiga makofi kutoka upande wa pili. "Njoo ukae kwenye stuli, tupige picha ya klabu! Wageni wanasubiri!"

Binti hakugeuza hata kichwa.

"Tuache kidogo, mzee wangu," alisema. "Namtazama mama."