Jina Kamili na Namba ya Nyumba

Video yenyewe haikufika dakika mbili. Mwanzoni niliweka kipande cha tangazo la kampuni iliyopewa kazi ya kubomoa mtaa wetu na kujenga maghorofa. Bwana mmoja mwenye tai amesimama kwenye bustani ambayo haipo popote, anatabasamu na kusema, "Kila mpangaji atarudi nyumbani." Halafu nikaweka bwana yule yule, bila tai, katika ukumbi wetu wa mtaa, siku niliyomrekodi kwa simu. Mama yangu alisimama, akamuuliza kama ni kweli tutarudi. Akajibu, "Atarudi atakayeweza, mama. Wengine, kule Njiru nje ya mji ni kubwa." Mimi sikuongeza neno. Sikuona haja.

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi na mazishi, na ukurasa wa mtaa niliufungua kwa sababu ya mazishi, watu wajue michango inafanyika kwa nani. Baadaye ukawa wa kila kitu: maji yamepotea, mtoto amepotea, choo cha block ya chini kimeziba. Sikuweka jina langu. Waliojua ni mama na jirani yetu wa mlango wa pili, anayepika chapati. Niliipandisha video asubuhi, na kufikia saa saba wachoma nyama wa soko la Burma walikuwa wakiwaonyesha wateja.

Kesho yake haikuwepo. Mahali pake palikuwa na maandishi ya kijivu: imeondolewa kwa madai ya hakimiliki. Kampuni ilisema nimeiba tangazo lake. Sekunde sita! Mtu anakuja kukubomolea nyumba, halafu mwizi ni wewe.

"Wee, ile clip imeenda wapi?" jirani aliniuliza, unga mikononi. "Nimeisaka mpaka bundles zikaniishia."

"Wameitoa. Wanasema ni mali yao."

"Kwani hata uongo wao ni mali yao? Si waubebe basi, watuachie nyumba."

Nilicheka, lakini nilikuwa na hasira ya kuuma meno. Marehemu baba yangu alikuwa mchongaji. Alichonga twiga maisha yake yote, twiga yule yule aliyechongwa na wenzake wote, shingo ile ile, na sikumsikia hata siku moja akimwambia mtu, huyo ni wangu.

Wiki mbili baadaye bwana alirudi ukumbini kwa mkutano mwingine. Nilijiambia, safari hii sitagusa tangazo lao, nitamrekodi yeye tu, maneno ya kinywa chake. Tulikuta wameleta spika kubwa nne. Kwetu Eastlands mtu akileta spika humuulizi kwa nini, unaingia katikati. Wimbo ulikuwa ule uliovuma msimu huo, na jirani yangu wa chapati alikuwa wa kwanza kufunga leso kiunoni. Bwana alipopewa kipaza sauti, muziki ulipunguzwa. Haukuzimwa. Aliulizwa tena na tena kuhusu kurudi, akateleza vile vile, na wimbo ukiendelea taratibu nyuma yake.

Mimi, ambaye nimehariri harusi ngapi sijui, ninayewaambia maharusi kila siku kwamba wimbo mmoja wa redio ukisikika nyuma, video nzima itaondolewa kwa hakimiliki, nilisimama pale nikirekodi mdomo wa bwana na kutikisa kichwa kufuata ngoma. Jioni ile ile nikaipandisha, nikapata onyo la pili, safari hii la wenye wimbo. Labda zile spika zilikuwa hila, labda ukarimu, siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba onyo la tatu lingefunga ukurasa, na kila kilichokuwamo kingekwenda nao.

Ungeuliza kwa nini sikuwatumia watu video moja kwa moja kwenye simu. Niliwatumia. Lakini kampuni ilikuwa imeanza kupitisha fomu za kukubali kuhama, na vijana waliozipitisha walikuwa na jibu moja: "Ile video ilikuwa fake. Ingekuwa ya ukweli, ingetolewa?" Hapo ndipo walipotushika. Tangazo lenyewe walikuwa wameshalifuta kwenye ukurasa wao, kwa hiyo hakuna aliyeweza kulinganisha. Pale kwenye mfereji wa maji mwanamke mmoja alimuuliza mama alilipwa na nani kuuliza lile swali. Mama alirudi na ndoo nusu, akakaa, na siku hiyo hakula. Watu wakaanza kuweka sahihi.

Kulikuwa na njia moja ya kuirudisha video: fomu ya pingamizi. Unaeleza kwamba ulitumia kipande kile kukosoa, si kuuza, na mlalamikaji asipokwenda mahakamani kwa siku kadhaa, inarudi. Niliifungua mchana mmoja mezani, mama akichagua ndengu kando yangu. Jina kamili. Mahali unapoishi. Namba ya simu. Thibitisha chini ya kiapo kwamba haya ni kweli. Na chini kabisa: maelezo haya yatatumwa kwa aliyewasilisha madai.

Mkono wangu ulikuwa umeshaandika. Nilipotazama, nilikuwa nimeandika jina la baba.

Si wazimu. Kila fomu iliyowahi kutoka katika nyumba ile, ya shule, ya stima, ya hospitali, iliandikwa jina la baba, na mkono ulishazoea. Baba alikufa miaka tisa iliyopita. Kwenye kitabu cha nyumba za kanjo, halmashauri ya jiji inayotupangisha, hata hivyo, hakuwa amekufa. Katika mtaa wetu mpangaji akifariki tunalia, tunachanga, tunasafirisha mwili, tunazika, kisha tunarudi na kunyamaza. Jina linabaki kitabuni, kwa sababu tuliamini kwamba ukitangaza msiba pale, utarudi na barua ya kuhama. Hesabu milango ya uani kwetu: mpangaji aliyeandikwa wa zaidi ya nusu yake yuko kaburini.

Nikalifuta jina haraka kana kwamba kuna mtu ananiona. Baadaye niliogopa zaidi. Nikiandika jina la baba, nimeapa uongo kwa jina la marehemu. Nikiandika langu na namba ile ya nyumba, watauliza huyu ni nani, na mpangaji yuko wapi. Nikinyamaza, nyumba ipo, angalau mpaka watakapokuja na matingatinga, na mama anabaki mwongo wa mfereji. Nikamwambia mama ukweli: "Mwaitu, tuache. Tutafute pa kwenda mapema."

Mwaitu ndivyo Wakamba tunavyowaita mama zetu. Hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Nisomee hiyo karatasi."

Nikamsomea yote, pamoja na mstari wa mwisho.

"Laini iliyofungua huo ukurasa ni ya nani?"

Nilikuwa nimesahau. Ilikuwa laini yake ya zamani, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake. Kwa mtandao, ukurasa ulikuwa wake siku zote.

"Na swali aliuliza nani?"

"Wewe."

"Basi andika mimi."

"Watajua baba hayupo. Watatutoa."

"Miaka arobaini nafagia hapa, na hakuna karatasi hata moja ya nyumba hii yenye jina langu." Sasa aliniangalia. "Mficha uchi hazai. Andika. Na namba uiandike kama baba yako alivyoichonga."

Mlangoni petu kuna kibao cha mbao alichokichonga baba, herufi ya block na namba, na twiga mdogo pembeni. Niliandika majina matatu ya mama, nikaandika namba. Kitufe cha kutuma alikibonyeza mwenyewe, kidole bado kina vumbi la ndengu.

Siku zilizofuata sitaki kuzirudia. Kila aliyebisha hodi, nilimchungulia dirishani kwanza. Nilimkaripia mwuza mboga bila kosa. Mama aliendelea kufagia.

Video ilirudi asubuhi ya siku ya kumi na tatu. Nilijua kwa kelele za jirani: "Imerudi! Wee, imerudi!" Kabla ya mchana watu wawili walikuwa wamedai warudishiwe fomu walizosaini, na mwanamke wa mfereji alimtekea mama ndoo mpaka ikajaa.

Siku mbili baadaye hodi niliyoiogopa ikabishwa. Alikuwa mwanamume mwenye koti la kampuni na orodha mkononi. Alitazama kibao, akatazama orodha, akamtaja baba. "Huyu ndiye mpangaji. Yuko?" Kisha akageuza karatasi nyingine na kumtaja mama, majina yote matatu. "Na huyu ni nani hapa?"

Nyuma yake milango ilianza kufunguka. Kila mmoja aliyejitokeza alikuwa na marehemu wake kwenye ile orodha. Nilitoa simu nikaanza kurekodi. Redio ya jirani ilikuwa ikiimba ule wimbo wa ukumbini, na nyingine upande wa pili, na nyingine mbele.

Mama alifuta mikono kwenye leso. Aligeukia uani akapaza sauti, "Zimeni redio!"

Ya jirani ikazimwa. Ikafuata ya mbele, kisha ile ya mwisho kule karibu na vyoo. Sijawahi kuusikia mtaa ule ukiwa kimya namna ile.

"Mume wangu alikufa miaka tisa iliyopita," mama akasema. "Mpangaji ni mimi." Kisha akataja majina yake yote matatu, polepole, akiitazama simu yangu.