Biashara Inayolia

Juma lililopita, dukani kwa mfanyabiashara wa Kihindi mjini Shinyanga, mama mmoja wa Samuye alitua tenga la bamia. Mwenye duka akavunja moja, akatabasamu.

"Nchi zimekubaliana, mama. Bamia zenu zinaingia Ulaya bila ushuru, ndiyo maana nanunua zote kwa bei nzuri. Hii ni biashara huria."

"Biashara hulia?" Mama akajitwisha tenga. "Nyanya zimeniliza mwaka mzima, baba. Inatosha."

Mimi, ninayesifika kwa Kiswahili hadi machimbo ya Geita, nikamsahihisha: "Si hulia, mama. Ni hulia."

Akaelekea mlangoni. Mwenye duka akamkimbilia. "Huliwa, mama. Bamia huliwa Ulaya."

Tenga likashuka. "Ungesema hivyo mapema."

Wanaoandika mikataba waniite siku nyingine, niwachagulie maneno.