Uzi Mwekundu wa Nambozo

Siku yangu ya kwanza kazini, Jinja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Afande Mkuu wa Maabara, askari wa zamani, alinikalisha mbele ya hadubini akaniuliza naona nini. Nikajibu kwa haraka kwamba naona wadudu wa malaria. Alicheka mpaka akashika meza. "Hiyo vumbi, bwana! Mimi sijaweka hata damu. Jicho yako naona kile wewe nataka."

Nililisikia neno lile, sikulishika.

Baadaye nikahamishiwa Mbale, kwenye hospitali ndogo ya misheni ambayo siku hizi haipo. Ninyi vijana mnaopima kwa mashine hamjui tabu yetu. Kila mfuko wa damu tuliuchukulia tone nene, yaani tone zito la damu juu ya kioo, tukalitia rangi na kutafuta mdudu. Watoa damu wetu wengi walikuwa polisi na askari magereza wa huku bondeni. Malaria imo mwilini, nao wanacheza mpira! Damu yao hatukuitupa, maana ilikuwa haba. Mfuko tuliufunga uzi mwekundu shingoni, apewe mtu wa bondeni aliyezoea homa, pamoja na vidonge vya klorokwini. Wa juu mlimani Wanale hakupewa kamwe. Kule ni baridi, mbu haba, na miili yao haina kinga.

Mkaguzi wa mwisho alikuwa Nambozo, binti wa hukohuko Wanale. Loo, nilimwonea wivu yule mwanamke! Alikuja nyuma yangu, akanipita kwa macho. Vioo nilivyoviita safi alivirudia, akamwona mdudu mmoja amejificha pembeni. Daktari Mganga Mkuu alimsifu mbele yangu: "Huyu iko na jicho ya mwewe." Na nafasi ya masomo Kampala ilikuwa moja tu.

Asubuhi moja nikakuta mfuko nilioupitisha mimi umefungwa uzi mwekundu. Damu ilinichemka. Nikatazama kioo harakaharaka, sikuona kitu. Nikaufungua uzi nikautia mfukoni mwa koti.

Siku hiyohiyo mfuko ule akapewa mama wa Wanale aliyevuja damu katika kujifungua. Siku kumi hazijafika vizuri, homa ikampanda. Daktari akasema Wanale hakuna mbu, hii ni homa ya uzazi, akamchoma sindano. Mimi nilijua. Siku mbili nzima nilijua, mama anaweweseka, mtoto analia njaa, nami nimefunga mdomo ili Nambozo asionekane bora.

Ni yeye Nambozo aliyekwenda wodini, akatoboa kidole cha yule mama, akarudi mbio. "Malaria! Imejaa!" Dawa ikabadilishwa, mama akapona. Hapo Daktari akauliza nani alikagua ule mfuko.

"Ni mimi, Daktari," Nambozo akasema. "Nakumbuka nilifunga uzi. Labda nilifunga mfuko mwingine."

Alinitazama kidogo, kama anayeomba nimkumbushe. Nikainama kuosha vioo. Wakamtoa kwenye hadubini, wakampeleka kuandika kadi za wagonjwa. Kampala nikaenda mimi, nikarudi mkuu wa maabara, nikastaafu kwa ngoma na keki.

Raha gani hiyo? Kila niliposifiwa nilijua sifa ni ya nani.

Mwezi uliopita nilipanda Wanale kwa miguu, nikipumzika kila kona. Nilimkuta Nambozo akipalilia vitunguu na mumewe. Nikamwambia yote, nimesimama vilevile, kofia mkononi.

Akaniuliza: "Basi uzi nilifunga?"

"Ulifunga, dada. Macho yako hayakukosea. Niliufungua mimi, kwa wivu."

Nilingoja matusi. Badala yake uso wake ulifunguka, akasimama wima, na Mungu anisamehe, hata hapo nilimwonea wivu. Akamwita mumewe aache jembe, aje karibu.

"Rudia, bwana," akaniambia. "Huyu naye asikie."

Nikarudia.