Maji Tisini, Oili Mia na Kumi

Mume wangu alinifundisha kusoma geji za gari lake kabla hajanifundisha kubadilisha gia. Ni gari la michezo la Kijapani, kuukuu, la milango miwili, tumbo karibu linagusa ardhi. Mtaa wetu mzima wa Majengo, pale Mpanda, walilipa jina la Mjusi siku ileile alipolileta. Yeye ni mchomea vyuma, na alilikuta limepandishwa juu ya matofali nyuma ya nyumba ya mtu, kuku wanataga ndani. Aliliangalia kama mwanaume anavyoangalia mchumba. Tangu hapo mimi nikawa nina mke mwenzangu.

Katikati ya dashibodi lina geji mbili ndogo za joto, moja ya maji ya rejeta, nyingine ya oili. Jioni alikuwa ananiketisha kwenye kiti cha dereva, injini inaunguruma, ananisomesha.

"Maji yakae tisini. Siku ya jua kali hata tisini na tano, usihangaike. Oili yenyewe mia, mia na kumi. Ikifika mia na ishirini mlimani, iangalie tu. Mia na thelathini hapo tafuta pa kusimama."

Nikamwambia mimi nilisoma shuleni maji yanachemka kwenye mia, sasa oili ya mia na kumi si inaungua? Alicheka mpaka akapiga usukani.

"Oili siyo maji, mama watoto. Maji ni mgeni, anawahi kufika, anawahi kuondoka. Oili ndiye mwenye nyumba. Anachelewa kupata moto na anachelewa kupoa. Hata maji yakishatulia, yeye bado anafuka."

Niliitikia tu ili nikageuze maharage. Sikujua kwamba siku moja nitayatafuta maneno yale kama mtu anayetafuta funguo gizani.

Siku hiyo ilitukuta Inyonga. Tulikwenda kumsalimia mama yangu mwishoni mwa kiangazi, mvua bado, joto la kukausha mate mdomoni. Tulipofika mume wangu aliweka mkono mbele ya boneti akaniambia feni ya rejeta imekufa. Hakujali. Alisema wakati wa kurudi tukishakanyaga lami tutakimbia, upepo utafanya kazi ya feni.

Kesho yake akashikwa na homa. Tukadhani uchovu wa safari. Usiku akatetemeka hadi kitanda kikagonga ukuta, na asubuhi alikuwa anaongea na watu ambao hatuwaoni. Mume wangu ni Mfipa aliyelelewa kwa adabu. Mbele ya mkwe wake hainui uso, wala hali chakula mbele yake. Asubuhi ile alimkazia macho mama yangu na kumwambia, "Wewe, toka hapo." Mama aliweka kikombe chini, akanivuta nje kwa mkono.

"Mwanangu, huyo siyo yeye tena. Nyie ondokeni sasa hivi."

Kwenye kituo cha afya nesi alimpima, akamchoma sindano, akasema malaria imepanda kichwani na damu imepungua, anatakiwa afike hospitali ya Mpanda leo hii. Gari la wagonjwa lilikuwa limeondoka na mama aliyeshindwa kujifungua. Basi lilishapita. Zilibaki bodaboda, ambazo asingeweza kukaa, na Mjusi.

"Joto lake liko juu sana, dada," nesi aliniambia wakati tunamlaza kwenye kiti cha mbele. "Usimwache apate joto zaidi. Mfute na maji njia nzima, umesikia?"

Nilisikia. Nilichukua dumu la maji na kanga mbili, nikamfunga mkanda, nikaondoka. Mama alibaki barabarani amejishika kichwa kwa mikono miwili, na sikupenda kumwona vile kwa sababu kwetu hivyo ndivyo watu wanavyosimama msibani.

Kabla ya kufika kwenye lami kuna kipande kibovu. Gari la kawaida lingepita, lakini Mjusi hawezi. Ukikimbia unaacha tumbo lake kwenye mawe. Nikawa natambaa. Bila feni na bila mwendo, rejeta haipati upepo. Mshale wa maji ulipita tisini, ukapita tisini na tano, ukakaa mia. Oili ilikuwa mia na kumi na tano na inapanda.

Nilizima injini katikati ya msitu wa miombo ili ipoe. Mbung'o wakaja. Wale wadudu wanapenda chombo chenye moto, na walitua kwenye vioo kama mvua ya mawe. Nilifunga vioo, na humo ndani kukawa tanuri. Nilimfuta mume wangu kifuani, kanga ikakauka mkononi mwangu. Meno yake yalikuwa yanagongana. Kufungua mfuniko wa rejeta nilikuwa siwezi, alishanionya kwamba ya moto inakuunguza uso. Nilikaa nikihesabu pumzi zake, na kila nilipoona imechelewa nilimgusa shingo.

Mshale uliposhuka niliwasha. Tukaenda mwendo mfupi, ukapanda tena, na safari hii haukusimama kwenye mia.

Maji yalinifika shingoni. Nasema kweli, nililia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni. Nikisimama tena, mtu wangu anaishia humu porini. Nikiendelea, injini inakufa, na mtu wangu anaishia humuhumu. Hakukuwa na gari lililokuwa linakuja, mbele wala nyuma.

"Baba watoto," nikamwambia. "Maji mia na tano. Nifanyeje? Niambie nifanyeje."

Alifungua macho. Yalielekea mbele, kwenye dashibodi, na mdomo wake uliokauka ukatikisika.

"Weka joto."

Nikadhani anaweweseka. Halafu nikakumbuka. Mwaka uliopita, tukitoka Kibaoni na magunia ya mpunga nyuma, gari lilianza kuchemka, akasukuma kile kitufe chekundu cha hita ambacho Mpanda hakina kazi yoyote. Nilimfokea kwamba ana wazimu. Aliniambia maji ya injini yanapita kwenye hita, ukiifungulia unakuwa umeipa injini rejeta ya pili. Dawa ya moto ni moto, alisema, tukafika nyumbani tunatoka jasho kama waliotoka kulima.

Sasa ni yeye huyohuyo ananiambia. Anajua gari lake hata akiwa kwenye homa, nilijisemea. Lakini nesi alikuwa amesema asipate joto. Mkono wangu ulikuwa juu ya kile kitufe na sikuweza kuusogeza. Niliona wazi kabisa kwamba huenda namuua kwa mkono wangu mwenyewe, na nitaeleza nini kwa ndugu zake.

Nikasukuma.

Upepo wa moto ulitoka kwenye miguu yetu, ukapanda. Nilimvua shati, nikamwagia dumu lote la maji kuanzia kichwani, kiti kikalowa, sakafu ikalowa. Nilishusha vioo vyote viwili. Mbung'o wakaingia, wakaniuma shingoni na mgongoni kupitia nguo, nikawaacha waume. Mshale ulisimama kwenye mia na tano. Ukafikiri. Kisha ukaanza kurudi.

Nilianza kumsomea, kwa sababu yeye ndiye angetaka kujua. "Mia na mbili, baba watoto." Akaguna. "Tisini na nane." Akaguna tena. Sijui kama nimewahi kumpenda mtu kama nilivyompenda kwa ile miguno. Nilijiona tuko kazini wawili, yeye anaongoza, mimi natii.

Tulipokanyaga lami nikazima hita na kukanyaga mafuta. Upepo ukaingia kwenye rejeta, maji yakarudi tisini. Lakini oili ilikuwa mia na ishirini na tano na haikushuka. Mguu wangu ulikwenda kwenye breki. Nikakumbuka mgeni na mwenye nyumba. "Bado anafuka tu, eti?" nikamuuliza. Akaguna. Nikaondoa mguu kwenye breki. Tulikuwa karibu kuona mji ndipo mshale wa oili ulipogusa mia na kumi, na mimi nikasema asante kwa yeyote aliyekuwa anasikia.

Hospitali walimpokea mlangoni na kumwekea damu. Alikaa siku kadhaa hajui kitanda wala mimi. Kisha asubuhi moja akaomba uji, akaunywa wote, na akauliza gari liko wapi. Nikajua amerudi.

Nilimsimulia. Nilijidai, sifichi. Alitikisa kichwa kwenye habari ya mbung'o, akacheka nilipofika kwenye dumu la maji na kiti chake.

"Umenishinda," alisema. "Hita ulikumbukaje?"

"Si wewe uliniambia."

"Mimi?"

"Ulisema weka joto."

Alinirudishia kikombe kitupu cha uji. Alikuwa amekonda, macho makubwa.

"Mama watoto, mimi sikumbuki hata kuingia kwenye gari. Nakumbuka baridi tu. Nilikuwa nyumbani Ufipa, mdogo, ule mwezi wa sita wenye umande wa barafu. Namwomba mama asogeze moto."

"Na nilipokuwa nakusomea geji? Ulikuwa unaitikia."

"Sijui," alisema taratibu. "Labda nilikuwa naguna kwa maumivu tu."

Nilichukua kikombe nikaenda kukiosha. Nilipofika bombani nilifungua maji, kikombe kikanidondoka kwenye karo, nikayaacha yatiririke bila kukiokota. Mwanamke aliyekuwa anafua pembeni aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, wangu amepona. Akaniambia basi kaa chini kwanza, mama, na nikakaa palepale kwenye saruji yenye maji, kwa sababu njia yote ile, kutoka Inyonga mpaka Mpanda, nilikuwa peke yangu.