Neno Alilolimeza Nazario

Mfikirie kijana mrefu, mwembamba, anaingia kijijini Cocalito asubuhi kwa njia ya ufukweni, viatu kavitia kwapani, na begani kaning'iniza rundo la vikamulio vya muhogo. Kwa mbali utadhani kabeba nyoka waliokufa. Kikamulio ni kitu kirefu kupita mtu, kimesukwa kwa matete. Unakijaza muhogo uliokunwa, unakitundika, unauvuta mkia wake mpaka maji yote yenye sumu yachuruzike, ndipo mkate uokwe. Na bila mkate wa muhogo, sisi Wagarifuna wa pwani hii ya Honduras mchuzi wetu wa samaki tungeunywa kama chai.

Huyo ndiye Nazario Guity. Kusuka alifundishwa na babu yake, na mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wa babu. Mdomo wake ndio ulikuwa mzito. Alikwenda moja kwa moja kwenye banda la kuokea, ambako wanawake walikuwa wanakuna muhogo huku wakisengenya kijiji kizima. Mkubwa wao, mama mmoja aliyeitwa Casilda, akakitazama kikamulio kimoja juu mpaka chini.

"Virefu, kweli," akasema. "Lakini vina nguvu, kijana, au ni urefu tu?"

Wenzake walikwisha anza kubanana mbavu. Nazario akatazama vidole vya miguu yake. "Vina nguvu, mama. Ila vinataka mkono wa kuvivuta."

Banda likalipuka. Otilia, binti yake Casilda, hakucheka na wenzake. Alicheka baadaye, peke yake, wengine walipokwisha nyamaza, na Nazario akajua kuwa kwao harudi tena.

Wakaoana. Ninyi ni watu wazima, sina haja ya kuwazungusha: walipendana mpaka chumbani. Mvua za kwetu hupiga mchana, kazi zote zikasimama, na ikianza tu kudondoka kwenye bati la banda, wanawake walikuwa wakimwambia Otilia, haya, kimbia ukamwanue mume asilowe. Naye alikuwa akiondoka kweli, mikono imejaa unga wa muhogo, bila hata kujifanya anaona haya. Nazario asiyekuwa na maneno mbele ya watu, kwa mkewe alikuwa nayo tele. Alimpigia hadithi, alimwigiza mama mkwe wake anavyotembea, akamchekesha mpaka majirani wakagonga ukuta.

Kisha Otilia akashika mimba. Wapo wanawake ambao mimba ikiingia hawataki kusikia hata harufu ya mume. Ya Otilia ilikuja kinyume. Ngozi iling'aa, hamu ikazidi, na tumbo lilipoanza kuonekana ndipo alipomtaka mumewe zaidi. Mchana mmoja mvua ilikuwa kubwa, Nazario kakaa mlangoni anasuka, mkewe akamwita kutoka ndani aache matete yake. Nazario alisitasita. Akauliza kama haitamsumbua mtoto.

"Mtoto hana macho huko," Otilia akasema, akicheka. "Njoo."

Akaenda. Kesho yake asubuhi Otilia aliona damu, na kabla jua halijasimama kichwani mimba ilikuwa imetoka.

Mkunga wa kijiji, Bibi Petrona, alifanya yaliyopasa kufanywa, akasema mambo haya Mungu ndiye ajuaye. Otilia hakutosheka na jibu hilo. Kwa wiki nyingi alijihoji. Je, ni lile beseni la muhogo alilolibeba? Ni moshi wa bandani? Ni yule mbwa aliyemshtua njiani? Kila kitu alikitaja mbele ya mumewe, akikitaja na kukiacha, isipokuwa ule mchana wa mvua. Haukumjia akilini hata kidogo. Nazario kwa upande wake hakuwaza kingine. Kwake lilikuwa jambo la wazi kama maji ya kisima: wao wawili walimwondoa mtoto wao, kwa raha zao. Na aliyeita ni Otilia.

Hapo ndipo alipojiapia. Neno hilo halitamtoka mdomoni. Akimwambia, mwanamke huyu atabeba maiti ya mtoto moyoni mpaka kaburini, atakumbuka kuwa aliita na alicheka. Basi akalimeza, na ukimeza kitu namna hiyo hakikai tumboni kimya.

Mwaka uliofuata mimba ya pili ikaingia. Cocalito nzima ilifurahi. Nazario alimwinua mkewe, akamzungusha, akamweka chini taratibu kama anayeweka yai. Na tangu siku hiyo hakumgusa.

Mwanzoni alisingizia mgongo. Kisha akaanza kulala mzungu wa nne, kichwa chake miguuni kwa mkewe, eti joto. Kisha akafunga machela sebuleni, akahamia huko. Mimba ya pili ilikuwa kama ya kwanza, hamu ya Otilia ile ile, na Nazario mwenyewe hakuwa jiwe. Kumsikia mkewe akijigeuza kitandani upande wa pili wa ukuta wa mbao ilikuwa adhabu. Alipoona hataweza, akaanza kuondoka. Vikamulio alivyokuwa akiviuza vijiji vya karibu akavipeleka vya mbali, akawa analala huko, akirudi kachoka, na zawadi mkononi: kitambaa, nazi za maji, sabuni ya harufu. Mtu anayenyima kimoja hutoa vingi vingine.

Otilia alivumilia. Baadaye, siku moja akimwoshea shati uani, akamuuliza bila kumtazama.

"Baba, mimi nina nini? Ninanuka?"

"Hunuki."

"Nimekuwa mbaya? Miguu imevimba, najua. Uso umevimba."

"Wewe ni mzuri, Otilia."

"Basi nishike." Akanyoosha mkono wenye povu. "Sisemi kingine. Nishike tu mkono, hapa, mchana."

Nazario aliutazama ule mkono. Alijijua. Akiushika mkono atashika bega, na akishika bega hakuna atakayemzuia. Akasema, "Umechoka. Nenda kalale." Akachukua matete yake akaenda kusukia ufukweni, na huko alilia mpaka akashindwa kuziona njia za matete.

Bandani, mvua ilipopiga, hakuna aliyemwambia tena Otilia akimbie kumwanua mume. Walikuwa wananyamaza, na ule unyamavu ulimchoma kuliko utani wowote. Ni mama yake aliyeuvunja. Casilda alimwambia waziwazi kuwa mwanamume asiyekula nyumbani kuna jikoni anakokula.

Kwetu jambo hili si la wivu tu. Mtoto akiwa tumboni, na hata siku za kwanza akizaliwa, mwili wake umefungamana na wa baba yake. Baba akibeba gogo zito, mtoto ataumia. Baba akimlalia mwanamke wa nje, mtoto ndiye anayedhoofika, anajikamua na kulia, nguvu zake zinakwenda kulipa raha za baba. Hili kila mtu analijua, na Nazario alilijua kuliko wote. Siku zote alizokuwa safarini alilala peke yake, hata shoka hakushika.

Msichana alizaliwa salama, mdogo lakini mzima. Wakamwita Marcelina. Nazario akaweka zana chini kama desturi inavyotaka, akaketi ndani akimtazama mwanawe anavyohema. Alikuwa na furaha ya mtu aliyevuka mto akiwa kabeba mzigo kichwani. Alikuwa anahesabu kwamba arobaini ikiisha atarudi kitandani kwake, ataanza tena zile hadithi, na Otilia atasahau.

Lakini mtoto akagoma kunyonya. Alishika titi akaliachia, akajikunja, akalia kilio chembamba kinachokatika. Rangi ikampotea. Bibi Petrona akamkanda kwa mafuta ya nazi, akamfunga kitambaa kitovuni, akamchemshia majani. Haikusaidia. Hatimaye yule mzee akanawa mikono, akasema kwa upole kwamba ugonjwa huu si wa majani. Akamgeukia Nazario. Desturi ni kwamba baba aseme, aseme mbele ya mama wa mtoto, kisha avue shati alilolitolea jasho, mtoto aviringishwe humo. Akikana ilhali lipo, mtoto hafiki mbali.

Nazario akasema hana la kusema, hakwenda kwa mwanamke yeyote.

"Miezi yote ile hukumgusa mwanangu," Casilda akasema. Hakupaza sauti, alikuwa na hofu ya mjukuu. "Usinifanye mtoto, mkwe. Mwanamume wa mvua zile. Hamu ile uliipeleka wapi?"

Otilia alikuwa amelala ubavu, kichanga kifuani, midomo imekauka. Alikuwa amechoka hata kukasirika.

"Nazario," akasema. "Kama si mwanamke, niambie ni nini. Nitaamini. Lolote utakalosema nitaliamini."

Hapo ndipo neno lilipompanda mpaka kooni. Lilikuwa tayari. Ni ule mchana wa mvua, Otilia, uliponiita. Angelisema, akawa mtu safi mbele ya mkunga, mbele ya mama mkwe, mbele ya kijiji. Akamtazama mkewe, shingo imemtota jasho la homa, mtoto mmoja kaburini na wa pili analegea mikononi mwake. Akajiuliza atampa huyu mwanamke na mzigo ule pia, leo?

Akasema, "Ni mwanamke."

"Wa wapi?"

"Wa mbali. Humjui. Yamekwisha."

Otilia akafumba macho. Nazario akavua shati lake, Bibi Petrona akamviringisha Marcelina humo, akamlaza.

Na asubuhi mtoto akanyonya. Alinyonya kama aliyekuwa amefichwa chakula, akalala, akaamka, akanyonya tena. Banda zima la kuokea lilifika kushangilia, na kila aliyefika alimtupia Nazario jicho. Mtu angejitetea vipi tena? Ushahidi ulikuwa unapiga mbweu kifuani kwa mama yake. Hata yeye mwenyewe alibaki anajiuliza ni mzimu gani huyo aliyeridhika na uongo. Alifurahi kuliko wote, na alikuwa mtu pekee mle ndani asiyeweza kukaa.

Otilia hakumtukana. Alisema tu kwamba angeweza kumsamehe kwa kumnyima unyumba yeye, akavumilia, lakini hawezi kulala karibu na mtu aliyetaka kumuuza mtoto kwa raha za siku moja. Nazario akafunga matete yake, akahamia kwa dada yake, kijiji cha pili.

Miaka imekwenda. Marcelina anakimbia mwenyewe, mweusi mzuri, ana kicheko cha mama yake, kile cha kuchelewa. Nazario humwona akipita kuuza. Humpa kikapu kidogo alichomsukia, naye humwambia asante, baba, kwa adabu ya mtu aliyefundishwa kuwa na adabu na huyo bwana. Otilia alipata mume mwingine, Leandro, dereva wa lori la nazi, mtu mcheshi asiye na siri. Na majuzi nimesikia Otilia ana mimba.

Nazario hakuoa tena. Juzijuzi alimsindikiza mpwa wake mjamzito kliniki, mume wa huyo binti akiwa baharini kwenye meli za watu. Siku hiyo muuguzi alikuwa amewakusanya wajawazito na waliowasindikiza chini ya paa la nje, wanaume kwa wanawake, akiwafundisha bila kupepesa macho. Mume mmoja mwenye soni akauliza, huku akijikuna shingo, kama ni kweli mtu akilala na mkewe katika hali hiyo anaweza kumtoa mtoto. Wenzake wakamcheka. Muuguzi hakucheka. Akasema ikiwa mimba inakwenda vizuri, hakuna damu, na hamkukatazwa kwa sababu maalumu, tendo hilo halimdhuru mtoto. Na kwamba mimba nyingi zinazotoka, hutoka zenyewe, kwa kasoro iliyokuwapo tangu mwanzo, bila kosa la mama wala la baba.

"Halafu msiwakimbie wake zenu," akaongeza. "Hata kama hamfanyi kitu, washikeni mikono. Semezaneni."

Mpwa wake anasema mjomba alisimama, akakaa, akasimama tena. Akatoka akaenda kujiegemeza kwenye ukuta wa choo, na aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasingizia vumbi, na mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri.

Sasa neno lile halina sumu tena. Hakuna aliyeua mtu mchana ule. Anaweza kwenda Cocalito, amwambie Otilia kila kitu, jina lake lisafike, na Marcelina ajue kuwa baba yake hakumuuza. Dada yake anamsukuma aende. Lakini Nazario anasema akienda, Otilia atajua kwamba alimfukuza mtu asiye na kosa, na kwamba mkono ule wa povu haukushikwa kwa sababu alikuwa anapendwa mno. Atalijua akiwa na tumbo la mume mwingine, mume anayempenda, katika nyumba yenye kicheko. Ataliweka wapi?

Ungekuwa wewe, ndugu yangu, ungekwenda?