Kabla ya Kuzima Turbo

Juma lililopita baba mdogo, ndugu wa marehemu babangu, alikuja kuniomba pikapu yangu ya dizeli. Nilipomsikia tu akilitaja gari, hasira ya utotoni ilinipanda.

Babangu pia alikuwa na pikapu ya turbo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa. Kila akifika nyumbani alikaa ndani dakika mbili, injini ikinguruma polepole, nami nilidhani hataki kutuona. Sasa najua. Ukizima injini turbo ikiwa bado moto, oili huungua ndani yake, nayo hufa.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, baba mdogo aliyekuwa ameiazima aliirudisha na ndizi kutoka Mitunguu. Alipanda mlima kwa fujo, turbo ikipiga mluzi, akaingia uani, akazima hapo hapo, akaenda kunywa chai. Mimi nikapanda, nikashika usukani na kufanya "brrr" kwa mdomo. Baba alipoiwasha, mluzi haukusikika tena, na moshi wa buluu wenye harufu ya oili ukawafunika kuku.

"Ni huyu msichana," baba mdogo akasema, kikombe mkononi. "Amekuwa akichezea gari."

Nilichapwa. Kibaya zaidi, niliamini. Kwa miaka mingi niliamini kwamba "brrr" yangu ndiyo iliyoua ile turbo, na baba alizikwa akiamini hivyo.

Basi juma lililopita, kabla ya kumpa ufunguo, nikamuuliza baba mdogo, "Ukifika utaizimaje?"

Akacheka. "Mimi si mgeni, msichana wangu. Lazima ipumue dakika mbili kwanza. Babako alinifundisha siku ile ile alipoinunua."