Amplifaya ya Marehemu

Watu hudhani kwamba kiziwi huishi kimya. Laiti ingekuwa hivyo. Mpiga gitaa mmoja, ambaye bendi nzima ilimwita Solo na hata wakwe zake wakaishia kumwita hivyohivyo, alikuwa na mluzi masikioni uliolia kutwa kucha, mwembamba, kama birika lililosahauliwa jikoni. Miaka aliyosimama kando ya spika, kwenye baa na kumbi za harusi, ndiyo iliyomwachia zawadi hiyo. Kwanza zilipotea sauti za juu: ndege, kengele za baiskeli, vicheko vya mapacha wake. Kisha maneno ya watu yakaanza kukatika. Muuguzi mmoja alimpima akamshauri akae mbali na spika. Solo akamshukuru, akaondoka, na jioni hiyohiyo akasimama palepale. Sikio la kufa halisikii dawa.

Hakumwambia mtu. Mpiga solo asiyesikia ni sawa na dereva asiyeona. Watu watampa pole, lakini ufunguo hawatampa. Mkewe na mapacha walikula, walivaa na kulipiwa shule kwa vidole vyake hivyo kumi. Kazi nyingine hakuijua, na angeijua asingeitaka. Basi akajifunza ujanja. Alitazama midomo. Alifuata mguu wa mpiga drams. Wengine walipocheka, naye alicheka. Mkewe, Mama Pacha, alipomwita kutoka chumba kingine asiitikiwe, alilalamika kwa mashoga zake kwamba mwanamume huyu ameanza kiburi uzeeni.

Kilichomtia hofu ni mpango mpya wa Kepteni, mpiga tarumbeta na kiongozi wa bendi. Kepteni alitaka spika zote zisogezwe mbele ziwatazame wateja, wapigaji wabaki nyuma kwenye utulivu. Wenzake walifurahi, maana walichoka kupigiwa kelele kisogoni. Solo peke yake alijua kwamba siku spika itakapoacha kumtetemesha mgongo, atakuwa anapapasa nyuzi gizani, na haitachukua wiki kabla hajafukuzwa. Njia ilikuwa moja tu: anunue amplifaya yake mwenyewe, aiweke nyuma ya miguu, aseme ndivyo anavyopenda. Mpya hakuiweza. Ndipo akaambiwa kuna mjane anauza ya marehemu mumewe, mpiga gitaa wa bendi nyingine.

Mjane alikuwa fundi cherehani, na sebule yake ilijaa mabaki ya vitambaa. Amplifaya ilikuwa pembeni, imegeuzwa meza, juu yake kitambaa cha kufuma na maua ya plastiki.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba."

"Marahaba, baba. Tumeshapoa." Mjane akaondoa maua, akapangusa vumbi kwa kiganja. "Huyu ndiye mke mkubwa. Mimi nilikuja nikamkuta. Akiumwa yeye, marehemu halali. Nikiumwa mimi, naambiwa ninywe maji."

Solo alicheka, safari hii kwa haki, kwa sababu mjane alikuwa anamtazama na midomo yake ilisomeka vizuri.

Watu wa bendi wana desturi yao katika kununua kifaa kilichotumika. Amplifaya hujaribiwa kwanza bila gitaa. Unaiwasha, unaongeza sauti hadi mwisho, na wote mnanyamaza. Kama ina ugonjwa, itausema yenyewe. Solo ndiye aliyewafundisha wengi desturi hiyo, na hapo sebuleni aliifuata kama ibada. Akachuchumaa, akaweka sikio kwenye kitambaa cha spika, akasubiri.

Akasikia mluzi. Aliujua huo. Aliamka nao, akalala nao, ulikuwa wake. Akaridhika kwamba amplifaya ni nzima.

Kisha akachomeka gitaa, akapiga uzi mnene, kiganja kikiwa juu ya mbao. Mtetemo ulimpanda hadi kwenye kiwiko, ukaingia kifuani. Jamani, mtu huyu alikuwa hajajisikia akipiga kwa zaidi ya mwaka. Machozi yalimlengalenga. Alipogeuka akamkuta mjane amekunja uso, vidole viwili kwenye paji, na kabla hajasema neno mjane akatoka kwenda uani.

Amemkumbuka mumewe, Solo akawaza, na aibu ikamshika. Inakuwaje unapiga kitu cha marehemu mbele ya mkewe? Akazima upesi.

Mjane akarudi, uso umetulia. "Umeridhika nayo? Mimi vyombo hivi sivijui. Nyie ndio wajuzi wenyewe."

"Nimeridhika, mama."

Hakuomba kupunguziwa. Kumbania mjane bei, alijiambia, ni laana.

Bendi ilifanyia mazoezi kwenye stoo ya hoteli, katikati ya kreti tupu na viti vilivyopandanishwa. Solo aliwahi kufika. Aliiweka amplifaya nyuma ya miguu, akaiwasha, akainama kukaza nyuzi huku akitazama kifaa chake cha kupimia sauti za nyuzi. Alijisikia kijana. Alipoinua kichwa, wenzake walikuwa wameshaingia, na mwimbaji alikuwa ameziba masikio kwa vidole. Mpiga drams aliweka fimbo chini. Solo akaona wanamtania kwa sababu ya mzigo wake mkuukuu, akacheka kama alivyozoea.

Hakuna aliyecheka naye.

Kepteni akapita nyuma yake, akainamia swichi. Mtetemo ukakatika miguuni mwa Solo, na papo hapo nyuso za mbele yake zikalainika. Mtetemo ukarudi, nyuso zikakunjamana. Ukakatika tena. Solo alizitazama nyuso hizo. Kumbe miluzi ilikuwa miwili. Mmoja wa kwake, mmoja wa mashine, na yeye hakuweza kuitofautisha. Ndipo akaelewa kwa nini mjane alishika kichwa. Mjane wa watu wala hakumdanganya. Alimuuliza mjuzi, mjuzi akajibu.

Mwimbaji sasa alikuwa akitazama nyuma ya Solo, kisha akamtazama Solo mwenyewe, kama mtu anayengoja jibu. Kwa hiyo Kepteni alikuwa ameuliza kitu. Kukaa kimya kungekuwa vibaya zaidi.

"Ndiyo," Solo akasema.

Mwimbaji akainamisha kichwa.

Kepteni akazunguka, akasimama mbele yake, akasema polepole: "Nimekuuliza, tangu lini husikii?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kifo hakikuhitajika, amplifaya ya mtumba ilitosha.

"Nyimbo zote nazijua," Solo akasema. Pengine alipaza sauti mno, maana mpiga drams alishtuka. "Vidole vyangu vinazijua. Havihitaji masikio."

"Najua, kaka." Kepteni hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililouma. "Ila Jumamosi iliyopita tulimaliza wimbo, wewe ukaendelea. Tukasema umelewa. Tukasahau kwamba hunywi." Akamgusa bega. "Jumapili atapiga yule wa gitaa la rizimu. Wewe pumzika kwanza."

Kila aliyewahi kufanya kazi kwenye bendi anajua maana ya "pumzika kwanza". Kwanza ipo. Pili haiji. Solo akachomoa waya wake, akauzungusha vizuri mkononi, na hakuna aliyeanza kupiga mpaka alipotoka.

Jumapili mchana Mama Pacha alikuwa akipiga pasi shati la bendi, lile jekundu la mikono mirefu, mgongo ameuelekeza kitandani alipokaa mumewe. Mabega yake yalitikisika kidogo. Solo akajua anaongea. Siku nyingine angeguna tu, ionekane amejibu.

"Mke wangu," akasema. "Sisikii."

Mama Pacha akageuka. "Nimesema utachelewa kazini, baba. Vaa."

"Sisikii kabisa. Muda mrefu sasa. Na kazini wameshajua."

Mkewe akaisimamisha pasi. Huruma ingekuja, kwa kuwa alikuwa mwanamke mwema, lakini hofu iliitangulia, na Solo aliiona yote usoni mwake. Kisha midomo ikafunguka, naye akayasoma maneno moja moja.

"Sasa mapacha watasoma na nini?"

Mama Pacha akageukia meza, akanyoosha mkono wa shati uliobaki, akafunga vifungo vyote, akalikunja na kulitia kwenye mfuko, tayari kurudishwa kwa wenyewe.